Fulana ya Che, Sarafu ya Karume

Mtu akitoka Forodhani akapita Gizenga hadi Hurumzi, kisha akazunguka kurudi Shangani, atakutana na sura ya Ernesto Che Guevara, mpiganaji wa mapinduzi ya Cuba, mara nyingi kuliko atakavyokutana na sura ya mtu yeyote aliyeshiriki Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964. Imo kwenye fulana, kwenye mifuko ya begani, kwenye kofia, na kwenye vibati vya kubandika kifuani. Jambo hili limenishughulisha kwa muda mrefu, wala si kwa sababu ya kile kichekesho chake cha kawaida, kwamba adui wa mabepari amegeuzwa bidhaa na mabepari hao hao. Hilo limeshasemwa na kila mtu, hata na wanaozivaa fulana zenyewe. Kinachonishughulisha ni kwamba biashara hii imeshamiri katika mji ambao una mapinduzi yake wenyewe, yenye sura zake, majina yake na wazee wake ambao baadhi yao wako hai, lakini mji huu ukaona afadhali uagize mwanamapinduzi kutoka nje, kama tunavyoagiza mchele.

Nianze na picha yenyewe, maana ina kisa chake. Tarehe 4 Machi 1960 meli ya Kifaransa iitwayo La Coubre, iliyobeba silaha kutoka Ubelgiji, iliripuka katika bandari ya Havana na kuua makumi ya watu. Siku ya pili yake Fidel Castro alihutubia katika hafla ya kuwaomboleza waliokufa, na Alberto Korda, mpiga picha wa gazeti la Revolución, alikuwa chini ya jukwaa na kamera yake. Che alijitokeza mbele kwa muda mfupi, Korda akampiga picha mbili, na Che akarudi nyuma. Gazeti halikuitumia hata moja. Lilipendelea picha za Castro na za wageni wawili mashuhuri, Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir. Korda akaichukua moja, akaikata, akaliondoa umbo la mtu mwingine lililokuwa upande mmoja na majani ya mti yaliyokuwa upande wa pili, akaitundika ukutani kwake. Kwa hiyo tangu mwanzo, kabla ya duka lolote kuiona, uso ule ulikwishatengwa na mwenzake, na mahali pake, na msiba uliomleta pale.

Mwaka 1967 mchapishaji wa Kitaliano, Giangiacomo Feltrinelli, alifika Havana, akapewa nakala bila ya malipo. Che aliuawa La Higuera, Bolivia, tarehe 9 Oktoba mwaka huo huo, na mabango ya Feltrinelli yakaenea Ulaya. Mwaka 1968 mchoraji wa Ireland, Jim Fitzpatrick, aliigeuza picha hiyo kuwa mchoro wa rangi nyekundu na nyeusi usio na vivuli vya kati, na huo ndio mzazi wa fulana za Hurumzi. Naomba msomaji autazame kwa jicho la fundi wa kuchapa nguo. Katika uchapaji wa wavu, ambamo wino hupitishwa kwenye wavu uliobanwa katika fremu, kila rangi huhitaji fremu yake, kwa hiyo mchoro wa rangi mbili bapa ni rahisi, ni wa haraka, na hauharibiki hata ukichapwa na mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kuna wanamapinduzi wengi waliokuwa na nyuso nzuri na vifo vya kuhuzunisha. Wachache walibahatika, kama ni bahati, kupata mchoro unaopatana na wino.

Korda mwenyewe hakupata malipo kwa miaka mingi, na sababu moja ni kwamba Cuba ilikuwa nje ya Mkataba wa Berne wa haki za watunzi hadi mwaka 1997. Hakulalamika sana. Alipokwenda mahakamani Uingereza mwaka 2000 ni kwa sababu picha yake ilikuwa imetumika katika tangazo la Smirnoff. Alisema hapingi isambazwe na wanaotaka kueneza fikra za Che, ila anapinga kuuziwa pombe kwa uso wa mtu yule. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama, na kiasi cha dola 50,000 alizolipwa alizitoa kwa ajili ya dawa za watoto wa Cuba. Mwaka uliofuata akafariki. Katika msururu wote wa watu walioishika picha hii, huyu na yule mchoraji wa Ireland, aliyeuachia mchoro wake utumike bure, ndio ninaowaona walijua kwamba wameshika kitu chenye wenyewe.

Mtoto wa ami yangu ana duka dogo katika njia hizo nilizozitaja. Fulana tupu huzichukua Dar es Salaam, Kariakoo, ambako zimefika kwa makontena kutoka China, na uchapaji hufanywa na fundi wa Ng'ambo. Nilimuuliza wateja wa Che huuliza nini. Akanijibu bila ya kuinua kichwa kwenye hesabu zake: "Wanauliza kama inachuja, dada. Na kama ipo ya mikono mirefu." Nikamuuliza kama hakuna hata mmoja anayeuliza huyu ni nani. Akafikiri, akasema wapo, nao ni watoto. "Mtu mzima hanunui siasa hapa. Ananunua fulana nyeusi yenye kitu kifuani." Simlaumu, ada ya skuli ya wanawe inatoka humo, na naona amesema kwa sentensi mbili jambo ambalo wasomi wa utamaduni hulizungusha kwa kurasa nyingi.

Lakini kuna jambo ambalo fulana hizo zingeweza kulisema na hazilisemi, nalo ni kwamba Che si mgeni wa pwani hii kama tunavyodhani. Mwezi wa Februari 1965 alifika Dar es Salaam kwa ziara ya wazi. Miezi miwili baadaye alirudi kwa siri, amenyolewa ndevu, akapita Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana Kongo. Huko alipewa jina la Kiswahili, Tatu, kwa sababu wenzake wawili waliitwa Moja na Mbili, na ndilo jina alilojulikana nalo na wapiganaji wa Kikongo. Vita vile vilimshinda. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alivuka ziwa kurudi Tanzania, akajificha katika ubalozi wa Cuba mjini Dar es Salaam hadi mwaka uliofuata, akiandika kumbukumbu zake, ambazo alizianza kwa kukiri kwamba ni historia ya kushindwa. Che wa picha ya Korda anatazama mbali kama mtu anayeona ushindi unakuja. Che wa Dar es Salaam alikuwa mgonjwa, amekonda, amejifungia ndani ya chumba akipanga upya maisha yake. Huyu wa pili ndiye wetu sisi, na huyu hauziki.

Jambo jingine lililonikaa kichwani zaidi ya yote ni la usiku mmoja wa tarehe 13 Desemba 1964, katika ukumbi wa Audubon mjini New York. Malcolm X, mpigania haki za Wamarekani weusi, alikuwa ameitisha mkutano, na mgeni wake mkuu alikuwa Abdulrahman Mohamed Babu, Mzanzibari, mwasisi wa chama cha Umma, aliyekuwa wakati ule waziri katika serikali ya Tanzania. Che alikuwa New York kwa ajili ya Umoja wa Mataifa na alitarajiwa kuhudhuria, lakini ikaonekana si salama, akatuma salamu, na Malcolm akazisoma mbele ya watu. Watu watatu hao walikutana kwa miili au kwa maneno katika ukumbi mmoja, kwa jioni moja, wakizungumza jambo moja. Malcolm aliuawa katika ukumbi huo huo miezi miwili baadaye, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 herufi yake ya X ikawa kofia ya mtindo dunia nzima. Che tumeshamzungumza. Babu alifungwa Tanzania Bara kuanzia 1972 hadi 1978, akituhumiwa kuhusika na kuuawa kwa Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya mapinduzi, akafariki London mwaka 1996. Fulana yake sijaiona katika njia zetu. Wenzake wawili wanauzwa mita chache kutoka mitaa aliyoijua tangu utotoni, na yeye hayumo hata kwenye sumaku ya friji.

Nilimuuliza mtoto wa ami yangu kwa nini asijaribu kumchapa Babu, au hata John Okello, yule Mganda aliyejiita Field Marshal na ambaye sauti yake redioni ndiyo watu wengi walioisikia siku zile. Safari hii aliinua kichwa. Akaniambia kwamba akitundika fulana ya Okello mlangoni asubuhi, kabla ya adhuhuri watakuwa wameshapita watu watatu: mmoja atataka kumkumbatia, mmoja atamuuliza kama anajua nani alikufa nyumbani kwao, na wa tatu hatasema kitu ila ataandika jina la duka. Alisema kwa mzaha, lakini hakucheka.

Hapo ndipo nilipoelewa biashara yenyewe. Sura ya mwanamapinduzi huuzika pale ambapo hapana mtu wa karibu anayeidai au anayedaiwa kwa ajili yake. Mapinduzi ya Cuba hayakumpa mtu yeyote wa Mwembetanga eka tatu, wala hayakumnyang'anya mtu yeyote wa Malindi nyumba. Ya hapa yalifanya yote mawili. Kuna familia ambayo hadi leo inalima shamba la eka tatu ililogaiwa na serikali, na kuna familia ambayo shamba hilo hilo lilikuwa la babu yao, na pengine watoto wa familia hizo wamesoma darasa moja, na pengine wameoana. Kuna waliopata skuli na matibabu bila ya malipo kwa mara ya kwanza, na kuna waliozika ndugu au hawakupata hata wa kuwazika. Uso unaobeba yote hayo hauwezi kuwa pambo. Utaingia nao wapi bila ya kuulizwa? Uso wa Che, kwa umbali wake, hauna wa kumkera katika mitaa hii. Huko Miami, ambako wanaishi Wacuba wengi waliokimbia kwao, fulana hiyo hiyo huzusha ugomvi.

Anayethibitisha haya vizuri kuliko wote si mwanamapinduzi. Uso unaoshindana na Che katika maduka ya Shangani ni wa Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Familia yake iliondoka Zanzibar mwaka 1964 kwa sababu ya mapinduzi, ikaenda kuanza upya Uingereza. Tangu mwaka 2019 ana jumba lake la makumbusho katika barabara ya Kenyatta, na watalii hupanga foleni. Wao huona nyumba ya msanii. Mimi huona kwamba mji umepata njia ya kumuuza aliyeyakimbia mapinduzi bila ya kulazimika kuyataja sana mapinduzi yenyewe, na sisemi hivyo kwa kumkejeli marehemu, ambaye hakuchagua tarehe.

Ama Mzee Abeid Amani Karume, yeye yuko kila mahali, lakini si dukani. Yuko ukutani katika ofisi, kwenye jina la uwanja wa ndege, kwenye kaburi lake la Kisiwandui, kwenye kanga na fulana za sherehe ambazo aghalabu hugaiwa, na tangu mwaka 2014 yuko kwenye sarafu ya shilingi 500, nyuma yake nyati. Sura yake inamilikiwa na dola, nayo hupita mikononi mwetu kila siku kulipia daladala. Ningesema kuna kinaya hapo, lakini Wacuba wametutangulia mbali. Che alikuwa gavana wa Benki Kuu ya Cuba kuanzia mwishoni mwa mwaka 1959, na kwa dharau yake juu ya fedha alizitia noti saini ya neno moja tu, Che. Leo uso wake uko kwenye noti na sarafu ya peso 3, na wachuuzi wa Havana huziuzia watalii sarafu hizo kwa bei inayozidi thamani iliyoandikwa juu yake. Yaani fedha yenyewe imekuwa bidhaa kwa sababu ya uso wa mtu aliyetaka fedha ipoteze nguvu.

Wala tusijidanganye kwamba mapinduzi yalikuwa mema na soko ndilo lililoyaharibu baadaye. Serikali changa ya Zanzibar ilikuwa haijatimiza hata mwezi ilipokwishaanza kuuza stempu zilizokuwa na uso wa Sultan, zikagongwa muhuri wa JAMHURI 1964 juu yake, na wakusanyaji wa stempu wa nchi za nje wakazigombania. Kabla ya mwaka kwisha zilitoka stempu mpya zenye picha za mapinduzi, zilizochapwa Leipzig, Ujerumani Mashariki. Sura ya mapinduzi ilitafutiwa wateja mapema sana. Na katika wakati wetu huu, nambari ya gerezani ya Nelson Mandela, 46664, yaani mfungwa wa 466 kuingia Robben Island mwaka 1964, ilitumika kwa ridhaa ya watu wake kuwa chapa ya nguo mwaka 2011, na mapato yakakusudiwa mambo ya kheri. Inawezekana kabisa kwamba fedha zile zilimsaidia mtu. Bado mkono wangu ungekuwa mzito kuvaa nambari ya pingu za mtu kwa kuwa imeshonwa vizuri.

Lililonichekesha wakati nikiyafikiri haya ni kwamba kizazi cha mapinduzi kiliyachukia mambo ya mtindo kwa dhati. Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia mwezi wa Oktoba 1968 kupiga marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua kuanzia tarehe mosi Januari 1969, na ukaiita kazi hiyo Operesheni Vijana. Hapa Unguja, vijana wa ASP, chama kilichotawala Zanzibar wakati huo, nao hawakuwa na mzaha na suruali za bugaluu, zile zinazopanuka miguuni. Mzee mmoja ninayekaa naye baraza moja hunisimulia kwamba fundi wake alimshonea bugaluu usiku, akaivaa mara moja tu katika harusi ya Pemba, kwa kuwa alidhani Pemba hawamjui. Nilipomwonyesha mjukuu wake amevaa Che, alimtazama kijana kwa utulivu, akasema: "Wakati wetu, mwanangu, kwa fulana hiyo ungepigiwa makofi, na kwa suruali hiyo ungelala kituoni." Kijana hakuelewa ni ipi kati ya hizo mbili iliyokuwa ya kimapinduzi. Nadhani na mzee mwenyewe hana hakika.

Siku hizi kuna sura mpya dukani, ya Thomas Sankara wa Burkina Faso, aliyeuawa tarehe 15 Oktoba 1987. Wanaoinunua, kwa maelezo ya mtoto wa ami yangu, ni Waafrika wenyewe zaidi: wanafunzi, wageni kutoka Nairobi na Accra, na vijana wetu wanaosoma mambo. Ningefurahi, kama isingekuwa kwamba Sankara ni mmoja wa viongozi wachache walioingia katika suala la kitambaa kwa undani. Aliwataka watumishi wa serikali wavae faso dan fani, pamba iliyolimwa, ikasokotwa na kufumwa nchini mwao, sehemu kubwa na kina mama. Mwezi wa Julai 1987, mbele ya wakuu wa Afrika mjini Addis Ababa, aliwaeleza kwamba wajumbe aliofuatana nao wamevaa nguo zisizo na uzi hata mmoja kutoka Ulaya wala Marekani. Kwake yeye ujumbe ulikuwa ndani ya uzi. Sisi tumeuchukua uso wake tukauchapa juu ya polista iliyosafiri bahari nzima, katika nchi ambayo wakulima wake wa Shinyanga na Simiyu huvuna pamba ambayo sehemu yake kubwa huuzwa nje ikiwa haijafumwa. Kwa Che kosa hilo ni dogo, kwa sababu Che hakuacha maagizo juu ya fulana. Sankara aliacha.

Nilimweleza hayo yote mtoto wa ami yangu, naye, kwa heshima aliyonayo kwangu, alinisikiliza hadi mwisho. Akapiga hesabu ya fulana ya pamba ya Tanzania, iliyoshonwa hapa hapa, na bei ikatoka kama mara mbili na nusu ya ile ya Kariakoo. Akaniuliza nani ataichukua. Nikamwambia mimi nitaichukua ya kwanza. Akasema mmoja si oda, na fundi hafungui wino chini ya vipande ishirini, kwa hiyo nikawatafute wenzangu wanaompenda Sankara, na walipe kabla. Nimeanza kuwatafuta. Wanaompenda ni wengi, na karibu wote wamenishauri tuichape kwenye ile ya bei nafuu.